Kiti cha Mama wa Mfalme: Wanawake wenye Mamlaka katika Nchi za Maziwa Makuu

Katika vikao vya sharika zetu, na hata madarasani, kuna neno linalorudi kila inapotajwa habari ya mwanamke kuongoza: "Mila zetu haziruhusu." Likishatamkwa, mjadala hupoa. Anayelisema mara nyingi hajafungua Biblia bado. Amefungua mila kwanza, na Biblia atakuja kuifungua baadaye ili itie sahihi chini ya lile ambalo mila imekwisha kuamua.

Insha hii inauliza swali dogo: ni mila ipi hiyo? Sisi tunaoishi kati ya Ngara na Biharamulo tumezungukwa na historia ya falme za kale. Magharibi, ng'ambo ya mto, ni Rwanda na Burundi. Kaskazini ni Karagwe, na kupita hapo ni Ankole na Buganda. Biharamulo penyewe palikuwa na ufalme wa Rusubi, chini ya watawala wa ukoo wa Wahinda. Bugufi, katika Ngara ya leo, ilihesabiwa kuwa sehemu ya Burundi kabla wakoloni hawajachora mipaka yao. Katika falme kadhaa za nchi hizi mamlaka hayakukaa kwenye kiti kimoja. Kulikuwa na kiti cha pili, nacho kilikaliwa na mwanamke.

Kiti cha pili

Nchini Rwanda mwanamke huyo aliitwa umugabekazi, yaani mama wa mfalme. Hakuwa mama tu anayeheshimiwa kwa sababu ya uzee wake. Mwami alipotawazwa, mama yake alitawazwa pamoja naye, akapewa jina la utawala lililotokana na jina la mwanawe. Mwana akiitwa Yuhi, mama aliitwa Nyirayuhi. Alikuwa na makao yake, watumishi wake, ng'ombe wake na watu waliomtegemea yeye binafsi. Kama mama mzazi alikuwa amekwisha kufariki, kiti hakikuachwa wazi. Alitafutwa mwanamke mwingine akawekwa mahali pake, kwa maana ufalme usio na mama ulihesabiwa kuwa na upungufu.

Burundi nayo ilimjua mama wa mwami. Buganda ilikuwa na Namasole. Mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke alipita katika nchi ya Rusubi, akalipishwa hongo na mtawala wake Suwarora kama wasafiri wengine, kisha akaendelea Karagwe hadi Buganda. Alipofika huko mwaka 1862 aligundua kwamba kumwona Kabaka Mutesa hakukutosha. Ilimpasa pia kwenda mara kwa mara katika jumba la pili, la mama yake Mutesa, Muganzirwazza, mwanamke aliyekuwa na baraza lake mwenyewe na ambaye alikuwa amechangia sana kumweka mwanawe kwenye kiti.

Msomaji wa Biblia hatashangaa. Katika Vitabu vya Wafalme, kila inapotajwa habari ya mfalme mpya wa Yuda, karibu kila mara jina la mama yake linaandikwa pia. Katika 1 Wafalme 2:19 Sulemani anainuka kumlaki Bath-sheba, anainama mbele yake, kisha anaamuru kiti kiwekwe kwa ajili yake mkono wa kuume. Katika 1 Wafalme 15:13 mfalme Asa anamwondolea Maaka cheo hicho kwa sababu ya sanamu aliyoifanya. Mtu hawezi kuvuliwa cheo ambacho hakuwa nacho. Kiti cha mama wa mfalme kilijulikana Yerusalemu kama kilivyojulikana Nyanza ya Rwanda.

Kanjogera

Katika wanawake wote waliokalia kiti hicho, anayekumbukwa zaidi upande huu ni Kanjogera wa ukoo wa Abega, mmoja wa wake za Mwami Kigeri Rwabugiri. Mwaka 1889 Rwabugiri alimteua mwanawe Rutarindwa kuwa mrithi. Mama mzazi wa Rutarindwa alikuwa amefariki, hivyo Kanjogera akawekwa kuwa mama wa mfalme kwa niaba yake. Hapo ndipo tatizo lilipoanza, kwa sababu Kanjogera alikuwa na mtoto wake wa kumzaa, Musinga.

Rwabugiri alifariki Septemba 1895 akiwa safarini kwenda vitani upande wa Ziwa Kivu. Rutarindwa akatawala kwa jina la Mibambwe. Mwaka uliofuata jeshi lake lilishindwa huko Shangi na askari wenye bunduki waliotoka Kongo ya Mfalme Leopold, na wakuu waliokuwa nguzo yake wakapungua. Mwishoni mwa 1896, mahali paitwapo Rucunshu, Kanjogera na kaka zake Kabare na Ruhinankiko waliinua silaha. Rutarindwa alipoona ameshindwa alikufa ndani ya nyumba iliyoteketea kwa moto, pamoja na watu wake. Musinga, kijana mdogo bado, akatangazwa kuwa Mwami Yuhi, na mama yake akawa Nyirayuhi. Kwa miaka mingi baada ya hapo waliotaka jambo kubwa Rwanda walijua kwamba neno la mwisho lilikuwa la mama na wajomba.

Machi 1897 Kapteni Ramsay wa Ujerumani alifika kutoa bendera na barua ya ulinzi. Ikulu ilimwonyesha mtu mwingine mzima aliyevishwa kama mfalme, na Musinga akafichwa. Hata hivyo urafiki wa Wajerumani ulipokelewa, kwa sababu utawala uliozaliwa Rucunshu ulikuwa na maadui wengi nyumbani na ulihitaji rafiki mwenye bunduki. Wamisionari Wakatoliki walipofika mwaka 1900, na wa Bethel, Walutheri na Waprotestanti wenzao, walipofika mwaka 1907 wakiongozwa na Ernst Johanssen, ilikuwa ikulu hiyo hiyo iliyoamua wapewe ardhi wapi.

Hatuna haja ya kumpamba Kanjogera. Damu ya Rucunshu haikuoshwa na ushindi, na baada yake wengi waliohesabiwa kuwa wa upande wa Rutarindwa waliendelea kuuawa. Lakini tuangalie jinsi anavyosimuliwa. Rwabugiri aliendesha vita karibu katika utawala wake wote, na katika siku zake mama yake mwenyewe, Murorunkwere, aliuawa. Wengi wanamwita Rwabugiri shujaa, jemadari, mpanuzi wa nchi. Kanjogera anaitwa mwanamke katili. Damu ni ileile, ila mizani ni miwili. Na Mithali 20:10 inatufundisha Bwana anavyoviona vipimo vya namna mbili.

Ririkumutima

Upande wa Burundi, Mwami Mwezi Gisabo alifariki mwaka 1908 baada ya utawala mrefu. Mrithi wake Mutaga alikuwa kijana, na aliyeshika nafasi ya mama wa mfalme ni Ririkumutima, mke wa Mwezi aliyekuwa na nguvu kuliko wenzake. Mutaga alifariki Novemba 1915. Mtoto wake Mwambutsa alikuwa na umri wa miaka mitatu hivi alipowekwa kwenye kiti, na Ririkumutima akawa miongoni mwa walioshika utawala kwa niaba yake.

Tufikirie majira hayo. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa inaendelea. Mwaka 1916 Wabelgiji waliingia, Wajerumani wakaondoka, na kila mkuu nchini alikuwa akipima upepo. Katikati ya hayo yote mwanamke mzee aliushikilia ufalme wa mtoto mchanga hadi alipofariki mwaka 1917. Mwambutsa aliendelea kuwa mwami hadi mwaka 1966. Kwa hiyo mzee wa Bugufi aliyezaliwa zamani hizo, akiambiwa kwamba mwanamke hawezi kushika nchi, angeweza kuuliza: basi Burundi ilishikwa na nani?

Muhumusa, mfungwa wa Bukoba

Wa tatu hakuwahi kukalia kiti, ingawa alikidai. Muhumusa alijitangaza kuwa mjane wa Rwabugiri na mama wa mrithi halali aliyenyang'anywa haki yake na Kanjogera. Alipata wafuasi wengi katika milima ya Ndorwa na Mpororo, kaskazini mwa Rwanda na kusini magharibi mwa Uganda ya leo, akisema kwa uwezo wa Nyabingi, roho iliyoheshimiwa sana huko na ambayo wajumbe wake wengi walikuwa wanawake. Watu waliochoshwa na kodi, kazi za shuruti na wakuu waliowekwa kwa nguvu walimkimbilia.

Mwaka 1909 Wajerumani walimkamata wakamleta Bukoba, wakamweka kizuizini kwa takriban miaka miwili. Hapa historia yake inaingia mkoani kwetu. Mwaka 1910, akiwa bado anazuiliwa katika mji huo, Misioni ya Bethel ilianza kazi Bukoba chini ya Johanssen yule yule aliyekuwa ameanza Rwanda. Injili kwa mkondo wa Kilutheri na Muhumusa mfungwa vilikuwa katika mji mmoja kwa wakati mmoja.

Alipoachiwa mwaka 1911 alivuka kwenda Kigezi, akakusanya watu tena, akaahidi kwamba ngoma ya ufalme itaonekana na wageni wataondoka. Mwishoni mwa Septemba mwaka huo majeshi ya Waingereza na washirika wao yaliishambulia kambi yake. Watu wake wapatao arobaini waliuawa, naye akapigwa risasi mguuni. Alibebwa hadi Mbarara, kisha Kampala, akazuiliwa huko hadi kifo chake mwaka 1945. Mwaka 1912 serikali ya kikoloni ya Uganda ilitunga sheria ya uchawi, na watu wa Nyabingi wakawa miongoni mwa walioshtakiwa kwayo.

Mchungaji hawezi kuipokea ibada ya Nyabingi, na hatuipokei. Lakini kuikataa ibada hiyo si sababu ya kunyamaza juu ya dhuluma. Viongozi wanaume waliopigana na wakoloni, kama Mkwawa, waliitwa waasi, na baadaye mashujaa. Muhumusa aliitwa mchawi, na neno hilo likabaki.

Jambo la kale, mbali na kwetu

Tusidhani desturi hiyo ya majina ni ya Afrika peke yake. Katika karne ya 13, milki ya Wamongolia iliyoanzishwa na Genghis Khan ilienea kutoka China hadi mipaka ya Ulaya, na kwa miaka mingi iliendeshwa na wanawake. Ögedei alipokufa mwaka 1241, mjane wake Töregene alitawala hadi mwanawe alipotawazwa mwaka 1246. Mwana huyo alipofariki, mjane wake Oghul Qaimish akashika nafasi hiyo. Na nyuma ya pazia alikuwapo Sorghaghtani, Mkristo wa Kanisa la Mashariki, mjane aliyekataa kuolewa tena akawalea wanawe wanne. Mwaka 1251 alifanikiwa kumweka mwanawe Möngke kwenye kiti kikuu, na mwingine, Kublai, alikuja kuitawala China yote. Inasimuliwa kwamba, ingawa alikuwa Mkristo, alitoa mali kujenga chuo cha Waislamu huko Bukhara.

Oghul Qaimish, aliyekuwa mpinzani wa Sorghaghtani, alishtakiwa kwa uchawi, akahukumiwa penye makao ya Sorghaghtani mwenyewe, akatoswa mtoni. Habari hii inatupa mafundisho mawili. La kwanza ni kwamba mwanamke mwenye mamlaka akishindwa, jina la mchawi huwa limekwisha kumsubiri. La pili ni zito zaidi kwetu: kuwa Mkristo hakukumzuia Sorghaghtani kuhusika na tendo hilo. Ubatizo haumwondolei mtu jaribu la kiti, awe mwanamke au mwanaume.

Nani alikiondoa kiti?

Tukirudi kwetu, twaweza kuuliza kile kiti cha pili kilikwenda wapi. Wakoloni walipopanga utawala wao kwa kupitia machifu, walitafuta mtu mmoja wa kupokea amri, kukusanya kodi na kulipwa mshahara. Tanganyika ilipopata sheria ya mamlaka za wenyeji mwaka 1926, katika maeneo mengi aliyetambuliwa alikuwa mwanaume. Rwanda, Wabelgiji walimwondoa Musinga Novemba 1931. Kanjogera alikwenda naye uhamishoni Kamembe, akafariki huko mwaka 1933. Mwami mpya, Rudahigwa, alikuwa na mama yake Kankazi, na wote wawili walibatizwa siku moja Oktoba 1943, lakini amri za nchi zilitoka kwa Wabelgiji.

Misioni nazo zilichangia. Zilifundisha wasichana kusoma, na kwa hilo tunashukuru, kwa maana mama zetu na bibi zetu walipata Biblia mikononi mwao. Lakini zilikuja na desturi za Ulaya za wakati huo, ambako mwanamke hakupiga kura wala hakupanda mimbari. Wainjilisti walikuwa wanaume, wazee wa kanisa walikuwa wanaume, na watoto waliozaliwa baadaye walidhani ndivyo mababu walivyoagiza.

Hivyo, mtu anaposema leo kwamba mila zetu haziruhusu, mara nyingi anatetea desturi ya Berlin na London akidhani anatetea desturi ya Rusubi na Bugufi. Wala hatusemi kwamba zamani palikuwa peponi. Mama wa mfalme alikuwa mmoja, na wanawake maelfu waliolima, waliobeba mizigo na waliotolewa kwa mahari hawakuwa na kiti chochote. Na hata yule mmoja alipata nguvu zake kwa kupitia mwana wa kiume. Tunachosema ni kwamba mila haiwezi kutumika kama ukuta mahali ambapo ilikuwa na mlango.

Historia ikisimuliwa kwa chuki huua, na sisi wa Ngara tunajua. Tarehe 20 Aprili 1994, mjini Butare, Rosalie Gicanda, mjane wa Rudahigwa, bibi kizee asiye na mamlaka yoyote, alitolewa nyumbani kwake akauawa kwa sababu tu ya kile alichowakilisha. Miaka mingi baadaye mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilimhukumu ofisa wa jeshi kwa mauaji hayo. Siku chache tu baada ya kifo chake, mwishoni mwa mwezi huo huo, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia wilayani kwetu kwa muda wa siku moja hivi. Wazazi wengi hapa waliwaona kwa macho yao.

Mama aliyesimama penye msalaba

Maandiko hayafichi jambo. Athalia, mama wa mfalme, aliua wajukuu wa kifalme ili atawale (2 Wafalme 11), na anayesoma habari hiyo hawezi kuacha kuikumbuka Rucunshu. Lakini katika sura ileile yumo Yehosheba, aliyemficha mtoto Yoashi na kuuokoa ukoo wa Daudi. Wote wawili ni wanawake wa nyumba moja ya kifalme. Biblia haisemi mmoja alikosea kwa kuwa mwanamke na mwingine akapatia kwa kuwa mwanamke. Inawahukumu kwa matendo yao, kama inavyowahukumu Ahabu na Yosia. Naye Debora aliwaamua Israeli chini ya mtende wake, na Baraka hakutaka kwenda vitani bila yeye (Waamuzi 4).

Kisha tunamfikia Mariamu. Malaika alimwambia kwamba mwanawe atapewa kiti cha Daudi (Luka 1:32). Kwa lugha ya mababu zetu, hapo Mariamu alikuwa ametawazwa kuwa umugabekazi. Mama wa mfalme wa nchi zetu angeelewa mara moja, na pengine angeanza kuhesabu wapinzani wa kuondolewa. Mariamu aliimba juu ya Mungu awashushaye wakuu na kuwainua wanyonge. Alipomwona Mfalme wake akiinuliwa, ilikuwa msalabani, na kiti chake yeye kilikuwa ardhi aliyosimama juu yake (Yohana 19:25).

Martin Luther aliufafanua wimbo huo wa Mariamu mwaka 1521, na kitabu chake alikielekeza kwa mtawala kijana, Johann Friedrich wa Saxony. Hakuwaandikia wanawake ili wawe wanyenyekevu. Alimwandikia mwanaume aliyekuwa akiandaliwa kutawala, akimtaka ajifunze utawala kwa msichana maskini wa Nazareti. Hilo ndilo tunalopaswa kulishika sisi Walutheri. Swali la kwanza la Injili kwa mwenye mamlaka linahusu shabaha yake: unatawala ili nani apone?

Kanisa letu, KKKT, lilikubali mwanzoni mwa miaka ya 1990 kuwabariki wanawake kuwa wachungaji. Uamuzi huo umekwisha kufanyika, lakini katika sharika nyingi bado mama mchungaji hupokelewa kwa kupimwa: akiwa mpole anaitwa dhaifu, akiwa na msimamo anaitwa mkali. Ni mizani ileile iliyompima Kanjogera na Muhumusa. Wazee wa kanisa, akina mama wa umoja, na ninyi vijana mnaosoma vyuoni, tuivunje mizani hiyo. Mwanamke akiongoza vibaya, aonywe kwa kosa lake, kama anavyoonywa mwanaume. Akiongoza vema, ashukuriwe bila mshangao.

Na atakayesimama tena kikaoni kusema kwamba mila zetu haziruhusu, tumjibu kwa upole kwamba mababu zake walijua kumwekea mama kiti. Sulemani naye alijua. Tuliloongezewa sisi, ambalo wao hawakulijua bado, ni msalaba, na mbele yake viti vyote, cha baba na cha mama, vinashushwa viwe mahali pa kutumikia.